Cheti cha Saa Tisa Usiku

Dai kwamba kampuni, kiwanda au jiji fulani linatumia umeme wa kijani kwa asilimia 100 limezoeleka kiasi kwamba wachache hulihoji, na hata wale wanaolitilia shaka huridhika mara wanapoonyeshwa cheti. Rai inayotawala, katika ripoti za mwaka za kampuni kubwa, katika matangazo ya wauza umeme wa Ulaya na sasa katika mikutano ya nishati barani Afrika, ni kwamba cheti cha asili ya umeme huthibitisha mambo mawili kwa mpigo: kwanza, kwamba umeme unaomfikia mnunuzi umetokana na maji, upepo, jua au jotoardhi, pili, kwamba kwa kuulipia, mnunuzi huyo amepunguza hewa ya ukaa inayotoka kwenye mitambo ya makaa ya mawe na mafuta. Makala hii inashikilia kwamba jambo la kwanza haliwezekani kimaumbile, na kwamba la pili, kwa vyeti vingi vinavyouzwa leo, halithibitishwi na neno lolote lililoandikwa ndani ya cheti chenyewe.

Umeme ukishaingia kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo yote na watumiaji wote, hauna kabila. Katika gridi za Afrika Mashariki, kama zilivyo za Ulaya, mkondo huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde, na elektroni zilizomo ndani ya waya wa taa ya Nakuru hazikusafiri kutoka kwenye visima vya mvuke vya Olkaria, bali zimekuwa humo tangu waya ulipotengenezwa, zikitikiswa papo hapo. Kinachosafiri ni nishati, nayo hugawanyika kwa kufuata kanuni za fizikia bila kujali nani ametia saini mkataba na nani. Mtambo wa mafuta wa Mombasa, turbini za upepo za Turkana na bwawa la Kindaruma husukuma kwa pamoja mzigo mmoja, na majirani wawili wenye mikataba tofauti, mmoja wa umeme wa kijani na mwingine wa kawaida, hupata umeme uleule, wenye mchanganyiko uleule, kwa dakika ileile. Anayeahidiwa kwamba akiongeza malipo kidogo ataletewa umeme wa upepo anaahidiwa jambo ambalo hakuna fundi awezaye kulitekeleza, labda avutiwe waya wa peke yake kutoka kwenye mtambo hadi mlangoni.

Kwa kuwa umeme wenyewe haufuatiliki, ikabidi zifuatiliwe karatasi. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wa kwanza kuhusu jambo hili mwaka 2001, ukauimarisha mwaka 2009, kisha mwaka 2018 ukaweka masharti ya kina zaidi. Kila mara mtambo uliosajiliwa unapoingiza kwenye gridi megawati-saa 1, ambayo ni sawa na uniti 1,000 za zile ambazo Mtanzania hununua kwa LUKU na Mkenya kwa tokeni, daftari la kielektroniki hutoa cheti 1. Ndani yake huandikwa chanzo cha nishati, jina la mtambo, mahali ulipo, aina na uwezo wake, tarehe ulipoanza kazi, kama umewahi kupewa ruzuku, tarehe za kuanza na kumalizika kwa kipindi cha uzalishaji, nchi na siku ya kutolewa, pamoja na namba ya pekee isiyorudiwa. Cheti hicho huweza kuuzwa kivyake, mbali kabisa na umeme uliokizaa, na mnunuzi wa mwisho hukifuta daftarini ili mtu mwingine asije akakidai. Kisipofutwa ndani ya miezi 18 tangu umeme ulipozalishwa, hufa chenyewe. Marekani wana mfumo wao unaofanana na huo, na nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika Kusini hutumia mfumo wa kimataifa uitwao I-REC. (Cheti hiki kisichanganywe na hati za biashara ya kaboni, ambazo hudai kuhesabu tani za hewa ya ukaa zilizozuiliwa, cheti cha asili huhesabu uniti za umeme, basi.)

Msomaji wa Mtwara au Lindi anaweza kudhani kwamba utaratibu huu anaufahamu tayari, kwa sababu unafanana kwa sura na stakabadhi ghalani, mfumo ambao Tanzania iliutungia sheria mwaka 2005 na kuanza kuutumia kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka magunia yake ghalani, korosho zake huwekwa pamoja na za wenzake wa daraja lilelile, naye hubaki na karatasi inayosema ana kilo kadhaa; hakuna anayedai arudishiwe punje zake mwenyewe, wala hapaswi kudai. Kufanana kunakoma hapo. Mwenye stakabadhi ana haki juu ya korosho zenyewe, na siku ghala litakapotoa kilo ambazo halina, wizi huo utaonekana kwa macho. Mwenye cheti cha umeme hana haki ya kupokea hata uniti moja. Umeme ule ulishatumiwa na mtu mwingine dakika ileile ulipozalishwa, pengine katika nchi nyingine, na alichonunua yeye ni ruhusa ya kutamka kwamba ulikuwa wake. Ni kana kwamba korosho za Tandahimba zililiwa zote Mtwara mjini mwezi Novemba, kisha mwezi Agosti mtu wa mbali akanunua karatasi inayomruhusu kusema kwamba korosho alizokula yeye, zisizojulikana zilikotoka, zilikuwa za Tandahimba.

Anayeona kwamba mfano huo umetiwa chumvi na aitazame Iceland. Kisiwa hicho kiko peke yake katika Atlantiki ya Kaskazini, umeme wake karibu wote hutokana na maji na jotoardhi, na hakuna waya wa umeme unaokiunganisha na nchi yoyote, kwa hiyo hata uniti moja ya Iceland haijawahi kuwasha taa Ujerumani. Hata hivyo vyeti vyake vimeuzwa Ulaya bara kwa miaka mingi, na kwa kuwa anayeuza cheti hupoteza haki ya kujisifu nacho, taarifa rasmi za vyanzo vya umeme vya kisiwa hicho zimekuwa zikiorodhesha makaa ya mawe na nyuklia, ilhali Iceland nzima haina kinu cha nyuklia hata kimoja. Norway nayo hupata sehemu kubwa sana ya umeme wake kutoka kwenye mabwawa, lakini mamlaka yake ya maji na nishati, NVE, hutoa kila mwaka tamko ambalo kwa mujibu wake mtumiaji asiyenunua vyeti huhesabiwa kuwa ametumia, kwa sehemu kubwa, umeme wa makaa, gesi na nyuklia. Mkazi wa bonde la Norway anayesikia maji yakishuka kwenye mabomba ya mtambo nyuma ya nyumba yake anaambiwa kwa maandishi ya serikali kwamba umeme wake ni mchafu, na mwenye kiwanda mamia ya kilomita kusini, katika mji unaochoma makaa, anaandika kwenye tovuti yake kwamba wa kwake ni safi. Wote wawili wamefuata kanuni.

Watetezi wa mfumo husema, na katika hili wanasema kweli, kwamba huo ndio uaminifu wa hesabu: sifa ikiuzwa, muuzaji asibaki nayo, na kile kinachosalia baada ya sifa zote zilizouzwa kuondolewa, ambacho wahasibu hukiita mchanganyiko wa mabaki, ndicho kigawiwe wasionunua. Lakini hesabu hiyo husimama pale tu wauzaji wanapokubali kweli kuachia walichouza, na binadamu hapendi kuachia jina zuri. Mwezi Aprili 2023 jumuiya ya taasisi zinazotoa vyeti Ulaya, iitwayo AIB, ilisimamisha kwa muda uuzaji wa vyeti vya Iceland nje ya nchi, kwa sababu ilishuku kwamba sifa ileile ilikuwa inahesabiwa mara mbili: vyeti vimekwenda Ulaya, huku watumiaji wakubwa wa umeme kisiwani wakiendelea kujitangaza kuwa ni wa kijani. Zuio hilo liliondolewa baada ya wiki chache, lakini lilionyesha ugonjwa ulipo. Mshika mbili moja humponyoka, isipokuwa katika biashara ambayo hakuna anayeona kilicho mkononi.

Dai la pili, kwamba ununuzi wa cheti hupunguza uchafuzi, ndilo lenye uzito zaidi, kwa maana watu wengi wako tayari kusamehe uongo wa nyaya ilimradi fedha zao zijenge turbini mpya mahali fulani. Je, huzijenga? Bwawa la Nalubaale, pale Jinja ambapo Mto Nile hutoka katika ziwa, lilifunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, kabla wazazi wa wanunuzi wengi wa leo hawajaoana. Tuseme kampuni inanunua vyeti vya mtambo wa umri huo: maji yatapita kwenye turbini kesho kama yalivyopita jana, iwe imenunua au haijanunua, na fedha zake hazitaongeza tone. Kigezo hiki huitwa nyongeza, maana yake ni kwamba umeme safi unaodaiwa usingekuwapo lau si malipo ya mnunuzi, nacho hakimo katika orodha ya mambo yanayoandikwa ndani ya cheti. Tarehe ya kuanza kazi kwa mtambo imo, na msomaji makini anaweza kuikisia nyongeza kutokana nayo, lakini ripoti za kampuni hazichapishi tarehe hizo, huchapisha asilimia.

Jibu la watetezi ni la kiuchumi: wanunuzi wakiongezeka, bei ya vyeti itapanda, na bei ikipanda, wajenzi watavutiwa. Kwa nadharia hakuna ubaya. Katika soko halisi la Ulaya, hata hivyo, mabwawa ya zamani ya Norway peke yake yalifurika vyeti kiasi kwamba kwa miaka mingi cheti kiliuzwa chini ya euro 1 kwa uniti 1,000, na hata bei ilipopanda sana mwaka 2022 ilishuka tena muda si mrefu. Hakuna benki inayokopesha mamilioni kwa kutegemea mapato ya namna hiyo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye turbini 365 na uwezo wa megawati 310, uliwezekana kwa sababu ya mkataba wa miaka 20 ambao kampuni ya usambazaji ya Kenya ilijifunga kununua umeme wake kwa bei iliyojulikana tangu mwanzo, pamoja na waya wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ambao serikali ilibeba jukumu la kuujenga, na ambao ulichelewa hadi mwaka 2018 huku turbini zikiwa zimeshajengwa. Mkataba mrefu na waya ndivyo vilivyoleta upepo ule kwenye gridi. Mwenye kutaka kujenga mtambo afuate njia hiyo. Anayenunua vyeti vya jumla mwezi Desemba ili afunge hesabu za mwaka amefanya manunuzi ya ofisi, sawa na kununua karatasi na wino.

Matokeo ya kuchanganya mambo haya yamepimwa. Mwaka 2022 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa Anders Bjørn na wenzake uliochunguza kampuni 115 zilizojiwekea malengo ya tabianchi, na kwa hesabu za kampuni zenyewe uchafuzi unaotokana na umeme wanaonunua ulikuwa umepungua kwa asilimia 31 kati ya mwaka 2015 na 2019. Vyeti vilipoondolewa kwenye hesabu, upungufu ukabaki takriban asilimia 10. Theluthi mbili ya mafanikio ilikuwa karatasi. Kanuni za uhasibu wa gesi joto zinazotumiwa na kampuni nyingi duniani zimetaka tangu mwaka 2015 kwamba kampuni iandike hesabu mbili sambamba, moja kwa kufuata gridi ya mahali ilipo na nyingine kwa kufuata vyeti na mikataba yake, lakini inayopelekwa kwenye bango ni ile inayopendeza, na nyingine huachwa kwenye jedwali la nyuma kwa maandishi madogo.

Kuna kasoro moja inayozizidi hizo zote, nayo ni saa. Hesabu ya vyeti hufanywa kwa mwaka mzima, kana kwamba uniti iliyozalishwa saa tisa usiku mwezi Februari ni sawa na iliyotumiwa saa mbili usiku mwezi Oktoba, na Kenya ndiyo inayofaa zaidi kuonyesha kwa nini sivyo. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini humo ni jadidifu, na jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote. Saa tisa usiku watu wamelala, viwanda vingi vimezimwa, na upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu. Gridi huelemewa na umeme safi ambao haiwezi kuutumia, baadhi ya turbini huamriwa zipunguze kazi, na mvuke wa Olkaria, uliochimbwa kwa gharama kubwa, huachiwa hewani. Saa mbili usiku hali ni kinyume: taa, televisheni, pasi na majiko ya umeme huwashwa kwa pamoja kuanzia Kisumu hadi Malindi, mahitaji hufika kilele, na mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai hutakiwa kuingia kazini ili Pwani isibaki gizani.

Mtu anayehamisha kazi ya kiwanda chake kutoka saa mbili usiku hadi saa tisa usiku hupunguza mafuta yanayochomwa Mombasa bila kumiliki cheti hata kimoja. Mwenzake anayeendesha mashine zake saa mbili usiku, kisha akafidia kwa vyeti vya mvuke wa saa tisa, hapunguzi hata lita moja, lakini kwa kanuni zinazotumika ni huyu wa pili atakayetangazwa kuwa wa kijani kwa asilimia 100, na yule wa kwanza hatatangazwa kuwa chochote. Mfumo unaompa tuzo asiyefanya kitu na kumsahau aliyefanya hauwezi kutetewa kwa kusema kwamba daftari lake ni safi.

Wanaosema kwamba hesabu ya saa kwa saa ni ndoto ya wasomi wamepitwa na wakati. Kwa hidrojeni ya kijani, yaani gesi inayotenganishwa kutoka kwenye maji kwa kutumia umeme jadidifu, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni zinazotaka umeme huo utoke kwenye mitambo mipya, uwe wa eneo lilelile la soko, na ulinganishwe na matumizi kwa kila mwezi hadi mwisho wa 2029, kisha kwa kila saa kuanzia 2030. Kampuni ya Google, ambayo tangu mwaka 2017 imekuwa ikitangaza kwamba inalinganisha matumizi yake yote na umeme jadidifu kwa hesabu ya mwaka, ilikiri mwaka 2020 kwamba hesabu hiyo haitoshi, ikajiwekea lengo la kutumia umeme usio na kaboni kila saa na katika kila gridi ifikapo 2030. Muungano wa kampuni uitwao RE100 nao ulianza mwaka 2024 kukataa sehemu kubwa ya umeme wa mitambo iliyozidi miaka 15. Hao ni wanunuzi wakubwa wa vyeti wenyewe, na wakati wao wanajirekebisha, inasikitisha kuwasikia wataalamu wa Afrika Mashariki wakiupokea mfumo wa zamani kama kitu kipya.

Kutokana na haya yote, wapo wanaohitimisha kwamba vyeti ni ulaghai mtupu na vifutwe. Nao wamekosea, ingawa kosa lao ni dogo zaidi. Bila daftari, uniti moja ya Olkaria ingeweza kuuzwa kwa wateja kumi, kila mmoja akipewa barua nzuri yenye muhuri. Tena zipo namna za kukifanya cheti kibebe mzigo wa kweli. Lebo ya Ujerumani iitwayo Grüner Strom, iliyoanzishwa mwaka 1998, humlazimu muuzaji kutenga kiasi maalumu cha fedha kwa kila uniti kwa ajili ya mitambo mipya. Karibu na nyumbani zaidi, mwaka 2020 Microsoft ilinunua vyeti vya aina maalumu, vilivyobuniwa kwa ajili ya maeneo yenye migogoro, kutoka kituo cha jua cha megawati 1.3 cha kampuni ya Nuru mjini Goma, na fedha hizo zikaenda kwenye taa za barabarani za mtaa wa Ndosho, ambako kabla ya hapo jua likizama njia zilikuwa giza. Huko karatasi ilizaa nguzo na taa, na mkazi wa Ndosho anaweza kuzihesabu.

Nchi za kanda hii zina sababu ya ziada ya kuwa macho. Viongozi wa Kenya husimama katika mikutano ya tabianchi na kuitaja gridi yao ya kijani kwa fahari inayostahili, na Tanzania, baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 katika Mto Rufiji kuanza kuzalisha mwaka 2024, nayo ina la kusema. Lakini kila cheti kitakachouzwa kwa kampuni ya nje kitachukua kipande cha fahari hiyo, na siku mkulima wa maua wa Naivasha atakapoulizwa na soko la Ulaya ametumia umeme gani, huenda akajibiwa kama anavyojibiwa mkazi wa Norway: sifa ya mvuke unaofuka ng'ambo ya shamba lake ilishauzwa, naye ahesabiwe na mabaki. Bei ya chini ya euro 1 kwa uniti 1,000 ni bei duni kwa jina la nchi.

EPRA ya Kenya na EWURA ya Tanzania, ambazo ndizo zinazosimamia nishati katika nchi hizo, zisiruhusu maneno umeme wa kijani kwa asilimia 100 yachapishwe kwenye ankara, kifungashio au bango lolote bila kuandikwa kando yake gridi uliyotoka umeme huo, mwaka mtambo ulipoanza kazi, na saa uniti zilipozalishwa. Gridi na mwaka vimo tayari ndani ya vyeti. Saa haimo, ingawa mita za mitambo mikubwa huisoma kila siku.